Orodha ya Darasa na Historia ya Mji: Mwongozo kwa Waliosoma Lodwar na Miji Midogo ya Turkana

Turkana inafahamika duniani kwa sababu ya watu waliokufa zamani mno. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na uchimbaji uliofuata ukatoa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na huko Lomekwi, katika ukanda huohuo wa magharibi mwa ziwa, zimepatikana zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3. Mifupa hiyo imepewa nambari, imepimwa na kuhifadhiwa kwa uangalifu unaostahili. Lakini mtu anayetaka kujua ni akina nani waliokaa katika darasa la saba la shule moja ya Lodwar mwaka 1976, walitoka wapi na waliishia wapi, anaweza kuzunguka mji mzima asipate hata karatasi moja, ilhali wengi wa watu hao wangali hai na baadhi yao wanapishana sokoni kila siku.

Mwongozo huu unamlenga msomaji aliyesoma Lodwar, Lokitaung, Kalokol, Kakuma au mji mwingine wa eneo hilo kame, pamoja na mtoto au mjukuu wake, anayetaka kukusanya kumbukumbu za waliosoma pamoja na kuzitumia kuandika historia ya mji wao. Humu ndani msomaji huyo ataitwa mkusanyaji. Kazi yenyewe haihitaji shahada ya historia. Inahitaji daftari, simu, subira, na uaminifu wa kutoandika kuwa kweli jambo ambalo halijathibitishwa.

Kwa nini kuanza na darasa

Sehemu kubwa ya historia ya Turkana iliyoandikwa katika karne ya 20 iliandikwa na maofisa wa serikali. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rudolf chini ya Uganda hadi mwaka 1926 lilipohamishiwa Kenya, kisha likawekwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa, yaani wilaya ambazo mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Mkuu wa wilaya aliandika kila mwaka habari za mvua, kodi, mifugo na mashambulizi ya mpakani, na wanafunzi, pale walipotajwa, walitajwa kama idadi tu. Hakuna ubaya katika takwimu hizo, ila haziwezi kumweleza msomaji wa leo jinsi mji ulivyoishi.

Orodha ya darasa moja, kinyume chake, ni mji mzima kwa udogo. Ndani yake kuna mtoto wa askari, mtoto wa mwenye duka, mtoto wa mvuvi wa Kalokol, mtoto wa mtumishi aliyehamishwa kutoka kusini, ambako wenyeji wengi walizoea kukuita “Kenya” kana kwamba Turkana ni nchi nyingine, na mtoto wa mfugaji ambaye familia yake ilipoteza mifugo kwa ukame ikasogea karibu na kituo cha chakula cha msaada. Njaa ya mwaka 1960 na 1961 ilifungua mlango kwa wamisionari, wakiwemo wa shirika la Mtakatifu Patrick walioingia Turkana mwaka 1961, na katika miaka iliyofuata chakula, zahanati na shule vilikwenda pamoja. Mkusanyaji akiuliza swali moja tu, yaani kila mtoto alifikaje katika dawati lile, atakuwa ameanza kuandika historia ya ukame, ya dini, ya biashara na ya serikali bila kuzitaja kwa majina makubwa.

Haraka ya kazi hii inatokana na umri. Waliokuwa watoto wa shule wakati wa njaa hiyo sasa wana miaka 70 na zaidi, na walimu wao wengi wameshafariki.

Ridhaa na mipaka, kabla ya jina la kwanza kuandikwa

Kumbukumbu ya darasa ni mali ya watu wengi kwa pamoja, na kwa hiyo inaweza kumdhuru mmoja huku ikimfurahisha mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya na za familia kuwa nyeti, maana yake ni kwamba hazipaswi kuandikwa na kusambazwa kiholela. Lakini hata pasingekuwa na sheria, adabu ya kawaida ingedai hivyohivyo. Inashauriwa mkusanyaji azingatie taratibu zifuatazo.

1. Aeleze kwa ukamilifu kusudi la kazi: nani ataisoma, itachapishwa au la, na nakala zitawekwa wapi.
2. Apate ridhaa ya kila mtu aliye hai kabla ya kuandika zaidi ya jina lake na mwaka wake wa darasa. Ridhaa ya mtu asiyejua kusoma irekodiwe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa.
3. Amwachie kila mtoa habari haki ya kubadili mawazo, na amtajie tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo kabla ya uchapishaji.
4. Atenge daftari la pili kwa mambo yaliyosemwa kwa siri, na asiliunganishe kamwe na lile la kwanza.

*Tahadhari.* Habari za wizi wa mifugo, za adhabu zilizopita kiasi, za mimba za shuleni na za migomo zina wahusika walio hai pande zote. Mkusanyaji aandike tukio, mwaka na athari zake kwa shule, asiandike majina ya wanaotuhumiwa. Vilevile asiruhusu simulizi la uvamizi ligeuke hukumu juu ya jamii jirani, kwa kuwa katika shule hizohizo walisoma pia watoto wa jamii hizo.

Kujenga orodha

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuanza na mahojiano marefu ya mtu mmoja mashuhuri, kwa kawaida yule aliyepata cheo, na kuiacha orodha ya majina hadi mwisho. Matokeo yake ni kwamba darasa lote linaonekana kupitia macho ya aliyefanikiwa. Orodha itangulie, hata ikiwa na mapengo mengi.

1. Mkusanyaji achague darasa moja na mwaka mmoja. Kutaka kuandika shule nzima tangu kuanzishwa kwake ndiko kunakoua miradi mingi ya aina hii.
2. Aandike peke yake majina yote anayoyakumbuka, kwa kufuata mpangilio wa madawati au wa vitanda vya bweni badala ya alfabeti. Nafasi huita jina: anayekumbuka aliyelala kitanda cha chini karibu na mlango atamkumbuka pia aliyelala juu yake.
3. Awaombe angalau watu watatu wafanye vivyo hivyo, kila mmoja mahali pake, kabla ya kuonyeshana orodha zao. Wakikaa pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa ataamua nani alikuwepo.
4. Alinganishe orodha hizo, na kila jina alitie alama ya idadi ya watu waliolitaja.
5. Ndipo aende shuleni, akiwa na barua ya maombi kwa mwalimu mkuu, kuomba kuona daftari la usajili wa wanafunzi, ambalo huonyesha nambari ya mwanafunzi, tarehe ya kuingia na mara nyingi jina la mzazi.

Suala la majina linahitaji uangalifu wa pekee katika Turkana. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina alilopewa kutokana na hali ya kuzaliwa kwake, jina la ubatizo lililoingia shuleni pamoja naye, jina la utani la bweni, na, kwa mwanamume, jina litokanalo na fahali wake, ambalo huanza na *Apa* na ndilo rika lake litamwita ukubwani. Majina ya kuzaliwa nayo hurudiwa sana: waliozaliwa wakati wa mvua huitwa Lokiru wakiwa wavulana na Nakiru wakiwa wasichana, na darasa moja laweza kuwa nao wawili au watatu. Kwa sababu hiyo kila mtu apewe mstari wenye safu tano: jina la rejista, jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la utani, na jina analotumia leo. Jina la utani lenye dharau lisichapishwe bila idhini ya mwenyewe, hata kama darasa zima bado linalicheka.

Kuisoma picha ya darasa

Picha ya pamoja, iliyopigwa mbele ya ukuta wa darasa walimu wakiwa wameketi kwenye viti na wanafunzi wakiwa wamesimama kwa safu nyuma yao, ni hati yenye habari nyingi kuliko inavyodhaniwa. Ili kuitumia vizuri, kwanza inakiliwe, kisha nakala ndiyo ifanyiwe kazi, na picha yenyewe irudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo.

1. Picha inakiliwe kwa skana kwa kiwango cha nukta 600 kwa inchi. Pasipo skana, simu itatosha, ilimradi picha ilazwe kivulini penye mwanga wa mchana, simu ishikwe sambamba nayo, na taa ya simu izimwe.
2. Upande wa nyuma nao unakiliwe, kwa kuwa muhuri wa studio, tarehe au majina yaliyoandikwa kwa kalamu iliyofifia huwa huko.
3. Karatasi nyembamba inayopitisha mwanga iwekwe juu ya nakala iliyochapishwa, na mzunguko wa kila kichwa uchorwe kwa penseli.
4. Vichwa vipewe nambari kwa safu, kuanzia kushoto kwa mtazamaji: 1.1, 1.2, kisha 2.1, na kuendelea. Hata asiyejulikana apewe nambari.
5. Kila mtoa habari ataje nambari na jina, na jina la aliyetoa jibu hilo liandikwe pembeni. Majibu yakipingana, yote mawili yabaki.

Baada ya watu, macho yahamie pembezoni. Miguu iliyo peku katika safu ya mbele, na viatu katika safu ya nyuma, huonyesha nani alikuwa na mzazi mwenye mshahara. Paa la makuti ya mkoma au la mabati huonyesha hatua ya ujenzi. Mti wenye matawi yaliyoinama na maganda ya manjano nyuma ya darasa yaelekea ni mathenge, yaani *Prosopis juliflora*, ulioenezwa Turkana katika miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga na kutoa kuni, na ambao leo umefunga njia na kingo za mito. Ukionekana tayari ni mkubwa, picha hiyo haielekei kuwa ya miaka ya 1960. Kivuli kifupi miguuni humaanisha picha ilipigwa karibu na saa sita mchana, na macho yaliyofinywa na wanafunzi wote si dalili ya hasira wala huzuni, ni jua tu.

KISANDUKU: Alama za kusaidia kuweka tarehe

- Ziwa likiitwa Rudolf katika ramani ya ukutani, ramani hiyo imechorwa kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1975. Kumbuka kwamba ramani hudumu ukutani miaka mingi baada ya kupitwa na wakati.
- Maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa katika shule za msingi, yalianza mwaka 1979.
- Chakula cha mchana cha msaada wa Mpango wa Chakula Duniani katika shule za maeneo kame ya Kenya kilianza mwaka 1980.
- Mtihani wa CPE ulifanywa mwisho wa darasa la saba. KCPE, wa darasa la nane, ulianza mwaka 1985. Wakati wa ukoloni mpangilio wa madarasa ulikuwa tofauti, kwa hiyo picha ya zamani sana isihukumiwe kwa kigezo hiki.
- Kidato cha tano na cha sita: mtihani wa mwisho wa mfumo huo ulikuwa mwaka 1989, mwaka uleule wa KCSE ya kwanza.
- Madarasa yaliyofurika ghafla, yenye watoto wa umri tofauti sana: huenda ni mwaka 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure.
- “Kaunti ya Turkana” katika kichwa cha barua: mwaka 2013 na baadaye.

Wazee wasiotaja miaka kwa tarakimu wana kalenda yao. Waturkana huipa miaka majina ya matukio yake. Ukame mkali wa mwaka 1960 na 1961 huitwa Namotor, na ule ulioanza mwaka 1979, uliofagia mifugo kwa njaa, maradhi na uvamizi, huitwa Lopiar. Mzee akisema kwamba aliingia shule mwaka uliofuata Lopiar, ametoa tarehe, na pengine ni tarehe ya kuaminika kuliko ile iliyokadiriwa na karani wa rejista. Jina la mwaka liandikwe kama lilivyotamkwa, na makadirio ya tarakimu yawekwe kando yake, kwa kuwa jina moja linaweza kutumika kwa miaka tofauti katika sehemu tofauti za Turkana.

Mahojiano katika mji wa joto na upepo

Lodwar hupata mvua chache mno, kwa wastani milimita 200 hivi kwa mwaka, na joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa urahisi. Mambo haya yanaamua ubora wa mahojiano kuliko ubora wa simu. Saa nzuri ni asubuhi mapema, au kuanzia saa kumi jioni, wakati mzungumzaji hajachoka na simu haizimiki kwa joto. Upepo unaopiga moja kwa moja kwenye maikrofoni huharibu rekodi nzima, na anayerekodi hagundui mpaka afike nyumbani. Kwa hiyo mkusanyaji akae ndani ya nyumba au nyuma ya ukuta, afunike maikrofoni kwa kitambaa chepesi, arekodi dakika moja, aisikilize, kisha ndipo aanze.

Lugha iwe ile anayoiota mzungumzaji. Mwanafunzi wa zamani aliyeadhibiwa kwa kusema Ng'aturkana uwanjani atasimulia adhabu hiyo kwa Kiswahili kwa sentensi mbili, na kwa Ng'aturkana kwa nusu saa. Rekodi ibaki katika lugha yake, na tafsiri ifanywe baadaye na mtu aliyelelewa katika lugha hiyo. Kumpelekea mzee sukari, majani ya chai au tumbaku ni heshima ya kawaida, wala haihesabiki kuwa malipo; kinachopaswa kuepukwa ni kulipia habari kwa urefu wake, maana habari zitarefuka.

Maswali ya jumla, kama vile shule ilikuwaje, huzaa majibu ya jumla. Yafuatayo yamechaguliwa kwa sababu kila moja linagusa kitu kilichoonekana au kushikwa.

KISANDUKU: Maswali ya kumwuliza aliyesoma zamani

- Kengele ya shule ilikuwa kitu gani, ilining'inizwa wapi, na nani alikuwa akiipiga?
- Maji ya kunywa yalitoka wapi wakati mto Turkwel umekauka? Nani alichimba shimo mchangani?
- Siku ya kwanza ulifika na nani, na mlitembea siku ngapi?
- Likizo ilipofika na familia ilikuwa imeshahama na mifugo, uliipataje? Uliwahi kuikosa?
- Sanduku la bati ulinunuliwa na nani, na mlikuwa na masanduku mangapi bwenini?
- Mlikula nini Jumatatu, na nini siku ya chakula cha msaada kuchelewa?
- Duka lililokuwa karibu na shule lilikuwa la nani, na mliweza kununua nini?
- Nani aliondoka kabla ya mtihani, na yuko wapi?

Swali la familia iliyohama lisirukwe. Mtoto wa mjini hurudi kwenye nyumba isiyoondoka, lakini mtoto wa mfugaji alipaswa kuuliza njiani, kisima hadi kisima, ni wapi mifugo ya baba yake ilikokwenda, na wapo waliomaliza likizo yao wakitafuta. Majibu ya swali hilo, yakikusanywa kwa watu kumi na kuwekwa juu ya ramani, yatatoa picha ya njia za malisho ya mwaka husika, ambayo ni vigumu kuipata katika ripoti yoyote.

Kuthibitisha: mfano wa Kenyatta

Kumbukumbu ya mji hupenda kukusanya mambo makubwa mahali pamoja. Ni kawaida kusikia kwamba Jomo Kenyatta “alifungwa Lodwar,” na kauli hiyo ina ukweli nusu. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953, Kenyatta pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba walitumikia kifungo Lokitaung, mji mdogo wa mawe na vumbi kaskazini kabisa mwa Turkana. Achieng' Oneko, aliyehukumiwa pamoja nao, alishinda rufaa lakini akaendelea kuwekwa kizuizini. Kifungo cha Kenyatta kilipokwisha mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, si kama mfungwa tena bali kama mtu aliyewekewa vizuizi vya makazi, hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal na hatimaye kuachiliwa Agosti mwaka huo. Mzee wa Lodwar anayesema alimwona Kenyatta akitembea mjini hasemi uongo, lakini akisema alimwona mwaka 1955, basi ama mwaka umekosewa ama mahali pamekosewa, na ni wajibu wa mkusanyaji kuuliza tena kwa upole: je, ilikuwa kabla au baada ya Namotor?

Jambo moja la Lokitaung linastahili kutajwa katika mwongozo unaohusu wanafunzi. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alifungwa huko pia, na Kenyatta alimfundisha Kiingereza gerezani. Kwa hiyo darasa hilo la wafungwa nalo ni sehemu ya historia ya elimu ya Turkana, na shule za Lokitaung zina haki ya kulihesabu katika historia ya mji wao.

Nyaraka za kuthibitishia zinapatikana katika sehemu kadhaa. Idara ya Kumbukumbu za Kitaifa, iliyoko Moi Avenue jijini Nairobi katika jengo lililokuwa benki, ina ripoti za mwaka za wilaya na ripoti za makabidhiano, ambazo ni maelezo aliyoyaacha ofisa mmoja kwa ajili ya aliyempokea kazi. Mtafiti husajiliwa kwanza, kisha huagiza majalada kwa nambari, na kwa kawaida majalada hufunguliwa yakishatimiza miaka 30. Parokia zina madaftari ya ubatizo yenye majina ya wazazi na wasimamizi, na Dayosisi ya Lodwar, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1978, ndiyo ya kuandikiwa barua kwanza. Gazeti rasmi la serikali, linalosomeka pia kwenye intaneti, hutaja viwanja, leseni na uteuzi. Matokeo ya mtihani ya mtu binafsi aombe mwenyewe.

Wasioonekana katika rejista

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii hushindwa, na hapa ndipo mkusanyaji anapaswa kuweka nguvu zake zaidi. Kitabu cha ukumbusho wa darasa kwa kawaida hujaa wakurugenzi, wachungaji na madiwani, kwa sababu hao ndio wenye simu na ndio wanaokuja kwenye sherehe. Aliyeacha shule darasa la tatu kwa kuwa mbuzi walikosa mchungaji, msichana aliyeozwa kabla ya mtihani, na mvulana aliyerudi malishoni wakati wa Lopiar asionekane tena, wote walikuwa sehemu ya darasa. Serikali iliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya kame mapema, mwaka 1971, lakini kuondolewa kwa karo hakukuondoa njaa wala umbali, na orodha yenye majina ya walioondoka ndiyo itakayoonyesha hivyo.

Mkusanyaji arudi kwenye rejista na kuhesabu: wangapi waliingia darasa la kwanza, wangapi walifika la saba, na kati ya wote hao wasichana ni wangapi. Kila jina lililokatwa kwa wino litafutiwe mtu mmoja anayelikumbuka. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke anayeuza samaki wakavu au makaa, ambaye hakuwahi kuulizwa chochote kuhusu shule kwa sababu hakuimaliza. Ahojiwe kwa muda uleule na kwa heshima ileile kama wengine.

Kwa waliofariki, familia ishirikishwe kwanza. Liandikwe jina, mwaka wa darasa na jambo moja ambalo wanadarasa wanamkumbukia. Sababu ya kifo isiandikwe isipokuwa familia imetaka.

Makosa yanayoharibu kumbukumbu

Kubandika picha ya zamani kati ya plastiki mbili kwa mashine ya laminesheni ni kuiharibu moja kwa moja, kwa kuwa joto na gundi haviondoki tena. Kuandika nyuma ya picha kwa kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele; penseli laini itumike, pembeni. Picha iliyogandana na albamu isibanduliwe, inakiliwe ikiwa mahali pake. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu, si kwa kitambaa chenye maji. Kutumiana picha kama picha za kawaida katika kundi la WhatsApp huzipunguzia ubora. Zitumwe kama faili ya hati.

Adui mkubwa wa karatasi katika miji hii ni mchwa, akifuatwa na joto. Sanduku la bati linafaa, lakini liwekwe juu ya mawe au rafu, mbali na ukuta wa udongo na mbali na paa la mabati ambalo hupasha moto kila kilicho chini yake.

Orodha ya mwisho ya kukagua kabla ya kuchapisha

- Kila jina lina safu zake tano, au alama ya wazi kwamba safu haijajazwa.
- Kila picha ina nambari, mmiliki, na ruhusa ya mmiliki.
- Kila tarehe inaonyesha ilikotoka: rejista, picha, au simulizi.
- Majina ya walioacha shule yamo katika orodha moja na ya waliomaliza, bila sehemu ya pembeni.
- Watu wawili ambao hawakushiriki katika kazi wameisoma, mmoja wao mwanamke.
- Nakala tatu zipo, angalau katika vyombo viwili tofauti, na moja iko nje ya Turkana, kwa mfano katika Jumba la Makumbusho la Kitale au Kumbukumbu za Kitaifa, ikiwa imekabidhiwa kwa barua ya mapokezi iliyotiwa saini.
- Shule yenyewe imepewa nakala yake ya kuweka maktaba, na si ofisini kwa mwalimu mkuu, ambako huondoka na uhamisho wake.
- Kurasa tatu za mwisho zimeachwa tupu kwa ajili ya masahihisho, zikiwa na anwani ya mtu wa kupelekewa, kwa sababu kitabu kikishafika sokoni Lodwar, siku hiyohiyo atatokea mtu wa nambari 3.7 katika picha aseme kwamba yeye siye aliyetajwa, na atakuwa na haki ya kusahihishwa katika toleo linalofuata.